Vibaraka Hawazeeki, Bajeti Ndiyo Hufa: Stori ya Puppet Master

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu ambacho watu wengi hucheka wakikiona: muvi za vibaraka wanaoua watu. Na siongei kuhusu zile za bajeti kubwa ambazo kila mtu anaposti zikitoka. Naongea kuhusu zile za part 3, part 5, part 10, ambazo hata msee wa duka la muvi huziweka rafu ya chini kabisa na akikuona umeshika moja anakuuliza, "Una uhakika?"

Mara yangu ya kwanza nilikuwa Form Two, likizo ya Agosti. Binamu yangu alinunua DVD ya bob 50, ile ya muvi 12 ndani ya diski moja, na picha ya kwenye kava haihusiani na chochote kilicho ndani. Tuliiweka usiku, mathe akiwa amelala, sauti chini. Kwenye muvi moja, kamera ikaanza kukimbia sakafuni kama panya, ndani ya hoteli fulani ya kizamani, ikipita karibu na miguu ya watu. Anayekimbia huoni. Tukacheka. Halafu baadaye akatokea: mtu mdogo, hafiki hata goti, uso mweupe kama wa maiti, kofia nyeusi, koti refu, mkono mmoja ni kisu na mwingine ni ndoano. Binamu yangu polepole akainua miguu yake kutoka sakafuni akaikunja kwenye kochi. Mimi pia nikainua yangu. Hatukuambiana chochote.

Huyo mtu mdogo anaitwa Blade, na muvi ni Puppet Master ya 1989. Tangu siku hiyo nimefuata hii familia yote ya muvi, na nina maoni yangu. Watu husema ni takataka. Mimi nasema nusu yake ni darasa bora kabisa kwa mtu yeyote anayetaka kutengeneza kitu bila doo. Hiyo nusu nyingine ni onyo. Na hilo onyo lilinigusa mimi binafsi mwaka jana, nitawaambia mbele.

Kabla ya Blade

Kwanza tuelewane: woga wa vibaraka haukuanza na muvi za kanda. Mwaka 1945 Waingereza walitoa Dead of Night, yenye kisa cha mwigizaji na kibaraka wake wa kuongea, na mpaka leo hicho kipande kinasumbua watu. Mwaka 1975 runinga ya Marekani ikaonyesha Trilogy of Terror, ambapo Karen Black amefungiwa ndani ya nyumba na kinyago kidogo chenye meno na mkuki. Mwaka 1988 ikaja Child's Play, na dunia nzima ikamjua Chucky.

Sisi hapa Kenya tulikuwa tumezoea vibaraka wa kuchekesha. Ukitaja kibaraka kwenye runinga, wengi tunakumbuka The XYZ Show iliyoanza 2009, wanasiasa wa mpira wenye masikio makubwa. Na kwenye siasa zetu, kibaraka ni mtu anayechezeshwa na mtu mwingine, hana akili yake. Shikilia hiyo maana, tutairudia.

Mtu wa kujua kwenye hii stori ni Charles Band. Baba yake, Albert Band, alikuwa dairekta na prodyusa, kwa hivyo jamaa alikulia ndani ya hii biashara. Miaka ya 1980 alikuwa na kampuni iliyoitwa Empire Pictures, iliyotoa muvi nyingi za bei nafuu, zingine zikipigwa kwenye studio yake karibu na Roma. Moja ya hizo ni Dolls ya 1987, ya Stuart Gordon, kuhusu nyumba iliyojaa wanasesere wanaoadhibu wageni wenye roho mbaya. Empire ikaanguka mwishoni mwa hiyo miaka. Madeni, basi.

Sasa, mtu mwingine angeenda kutafuta kazi ya ofisi. Band akafungua kampuni mpya, Full Moon, akaingia mkataba na Paramount wa kusambaza kanda zake, na akaamua: hakuna haja ya sinema. Muvi itoke moja kwa moja kwenye kanda ya video.

Ili uelewe kwa nini hiyo ilikuwa akili, lazima ujue vile kanda zilikuwa zinafanya kazi. Enzi hizo duka la kukodisha lilinunua kanda moja kwa bei ya juu sana, kisha lilirudisha pesa yake kwa kuikodisha tena na tena, wikendi baada ya wikendi. Mteja alikuwa anasimama mbele ya rafu, hana intaneti, hana wa kumuuliza. Kitu pekee kilichomshawishi ni kava. Kwa hivyo hukuhitaji nyota wa bei ghali. Ulihitaji picha moja ambayo haitoki kichwani. Blade na ndoano yake ni picha ya aina hiyo.

Ufundi wa sakafuni

Puppet Master ya kwanza iliongozwa na David Schmoeller. Stori inaanza 1939 kwenye hoteli ya Bodega Bay Inn, California. Mzee anayeitwa André Toulon, mchezesha vibaraka, anajua siri ya kuwapa uhai. Majasusi wa Nazi wanamfuata. Kabla hawajafika kwenye chumba chake, anawaficha vibaraka wake ukutani, kisha anajiua. Miaka inapita, watu wenye vipaji vya kuona yasiyoonekana wanaitwa kwenye hiyo hoteli na mwenzao wa zamani, na vibaraka wanaanza kazi.

Sasa angalia walivyoundwa. Blade ni kisu na ndoano. Pinhead ana kichwa kidogo kama ngumi ya mtoto lakini mikono ya mtu mzima. Tunneler ana keekee juu ya kichwa. Jester uso wake unazunguka vipande vitatu, kutoka furaha hadi hasira. Leech Woman anatapika ruba. Kila mmoja ana kitu kimoja tu, na hicho kitu unakielewa kwa sekunde mbili. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuwachora wote watano baada ya kuwaona mara moja. Ukiwa na bajeti ndogo, hiyo ndiyo siri: usitengeneze kitu kikubwa, tengeneza kitu ambacho hakisahauliki.

Uso wa Blade una stori yake. Uliigwa kutoka kwa mwigizaji Klaus Kinski. Schmoeller alikuwa amefanya naye Crawlspace ya 1986, na Kinski alimsumbua vibaya sana, mpaka baadaye Schmoeller akatengeneza filamu fupi inayoitwa Please Kill Mr. Kinski. Yaani msee alichukua mtu aliyemnyima usingizi akamgeuza kuwa kibaraka. Kisasi cha kistaarabu.

Aliyewapa vibaraka mwendo ni David Allen. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar kwa kazi yake kwenye Young Sherlock Holmes. Alitumia kila njia: nyaya, fimbo, mikono ya watu iliyofichwa, na pale ambapo kibaraka lazima atembee mwili mzima, alimsogeza kidogo, akapiga picha, akamsogeza tena, akapiga nyingine. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Fikiria uvumilivu huo, halafu ufikirie vile sisi tunalalamika video ikichukua dakika kumi kupakia.

Na pale pesa ilipokwisha, kuna ile kamera ya sakafuni. Huhitaji kibaraka kabisa. Shusha kamera chini, kimbia nayo, na mtazamaji anatengeneza kibaraka mwenyewe kichwani. Hiyo ndiyo iliyoinua miguu yetu kwenye kochi, na haikuhitaji hata mdoli mmoja mbele ya kamera.

Part 3 ndiyo moyo

Part 2 ilitoka 1990 na David Allen mwenyewe akiwa dairekta. Vibaraka wanamfukua Toulon kaburini. Anaongezeka Torch, mwenye mkono wa kurusha moto. Lakini kitu ninachokipenda ni mwisho. Toulon aliyefufuka amekuwa mtu mbaya, anawatumia vibaraka kwa tamaa zake. Wanapojua amewasaliti, wanamgeuka na kummaliza. Kwenye part 1 pia walimgeuka yule aliyejifanya bosi wao mpya, baada ya kumtupa Jester kama takataka. Yaani hii ni muvi kuhusu vibaraka ambao hawakubali kuwa vibaraka. Rudi kwenye ile maana yetu ya siasa uone kama haikuchekeshi kidogo.

Halafu 1991 ikaja Puppet Master III: Toulon's Revenge, ya David DeCoteau. Hii ndiyo bora kuliko zote na nitabishana na yeyote. Tunarudi nyuma, Berlin, 1941. Toulon, sasa akiigizwa na Guy Rolfe, anafanya maonyesho ya vibaraka ya kumkejeli Hitler mbele ya watoto. Utawala unasikia. Wanataka siri yake ili wanajeshi waliokufa warudi vitani. Wanamuua mke wake, Elsa. Na hapo ndipo unajua vibaraka ni akina nani: ndani yao mna roho za watu waliouawa na Wanazi, marafiki wa Toulon. Leech Woman ni Elsa.

Ukishajua hivyo, huwezi tena kuiona part 1 kwa macho yale yale. Uliyemuona kama mdoli wa kutisha kumbe ni marehemu anayedai haki. Muvi ya kanda, part 3, ya vibaraka, imekupa kitu ambacho muvi nyingi za pesa kubwa hazikupi: sababu.

Ndiyo, najua. Toulon alijiua 1939 na hapa anatembea Berlin 1941. Mashabiki wameona hilo kosa tangu siku ya kwanza. Mimi nimelisamehe. Stori ikiwa na moyo, kalenda nitaivumilia.

Kitu kingine Full Moon walifanya kabla ya sisi sote: ukimaliza muvi, kwenye kanda hiyo hiyo kulikuwa na kipindi kifupi, VideoZone. Band anakuonyesha vile kibaraka alitengenezwa, anakuambia kinachokuja, anakuuzia fulana. Sasa hivi kila krieta anafanya hivyo na kujiona mjanja. Jamaa alikuwa anajenga mbogi yake ya mashabiki kwa kanda.

Pale nyaya zilipokatika

Part 4 ilitoka 1993 na part 5 mwaka 1994. Jeff Burr alizipiga kwa mpigo mmoja ili kuokoa gharama. Sasa vibaraka ni mashujaa, wanapigana na mashetani wadogo wa mungu fulani wa Kimisri. Part 5 iliitwa The Final Chapter. Sura ya mwisho. Haya, endelea kuhesabu.

Katikati ya miaka ya 1990 ule uhusiano na Paramount ukaisha, na pesa ikaenda nao. Curse of the Puppet Master ya 1998 ndiyo inakuonyesha. Vibaraka wamekaa tu kwenye meza. Wakisogea vizuri, ni kwa sababu unaona picha zilizopigwa miaka ya nyuma, zikapachikwa. Retro Puppet Master ya 1999 ikapigwa Romania, Toulon kijana akiigizwa na Greg Sestero, yule yule ambaye baadaye alionekana kwenye The Room. Mwaka huo huo David Allen akafariki. Mikono iliyokuwa chini ya meza haikuwepo tena.

Halafu 2003, Puppet Master: The Legacy. Hapa nilisimamisha muvi nikaenda kuchota maji. Sehemu kubwa ya hiyo muvi ni vipande vya muvi zilizotangulia. Watu wawili wanaongea kwenye chumba, mmoja anakumbuka, unaonyeshwa part 1. Wanaongea tena, unaonyeshwa part 3. Kava ni mpya, jina ni jipya, na ndani ni chakula cha jana kwenye sahani safi.

Baadaye hali ilibadilika tena. Mwaka 2004 kituo cha Sci-Fi kikaonyesha Puppet Master vs Demonic Toys. Kuanzia 2010 Band akarudi kwenye vita dhidi ya Wanazi na Axis of Evil, iliyopigwa China, kisha Axis Rising ya 2012 na Axis Termination ya 2017. Hazina mng'ao wa zamani, lakini angalau vibaraka wanafanya kazi mpya. Mwaka 2018 watu wengine wakatengeneza toleo lao, The Littlest Reich, na pesa zaidi na damu zaidi. Huko Toulon, akiwa ni Udo Kier, ni Nazi mwenyewe, na vibaraka wake wanawawinda Wayahudi na watu wengine ambao Wanazi waliwachukia. Kuna wanaoipenda sana. Mimi hapana. Walichukua roho za waliouawa wakawavalisha nguo za wauaji. Ufundi upo, nakubali, lakini ile sababu ya part 3 waliichimbia kaburi.

Sasa mimi

Niliahidi kukiri. Mwaka jana, Novemba na Desemba, sikuwa na doo. Simu yangu ya kurekodi ilikuwa imepasuka kioo na fundi alitaka pesa ambayo sikuwa nayo. Kwa hivyo nikachukua vipande vya video zangu za zamani, nikabadilisha muziki, nikaweka kava mpya, na nikaandika juu "MPYA". Nilifanya hivyo mara nne. Namba zilikuwa sawa. Nilijiambia, kipya kinyemi ingawa kidonda, watu wanataka tu kitu cha kubofya.

Kwenye ya nne, msichana fulani ambaye amekuwa akinifuata tangu nikiwa na watu 60 akaniandikia. Hakunitukana. Aliandika, "Hii nilicheka nayo mwaka juzi nikiwa hospitali na mum. Ungesema tu ni ya zamani, ningeitazama tena na roho safi." Nilisoma hiyo meseji nikiwa kwenye matatu na nikapitisha steji yangu.

Ndipo nikaelewa The Legacy ilinikasirisha kwa nini. Band hakukosea kutumia vitu tena. Muvi zote nzuri za hii familia zimejengwa kwa kutumia tena: vibaraka wale wale, jina lile lile la Toulon, siri ile ile. Ukiwa huna pesa, unatumia ulicho nacho, na hiyo si aibu. Mathe zetu wametulea kwa kanuni hiyo hiyo. Ugali wa jana ukikaangwa asubuhi ni mtamu, na hakuna aliyewahi kudanganywa kwamba umesongwa sasa hivi. Shida inaanza pale unapouza kumbukumbu ya mtu kwake mwenyewe kwa bei ya kitu kipya.

Kuna tofauti kati ya kumchukua Blade wa zamani na kumpa jambo jipya la kufanya, na kumchukua Blade wa zamani akifanya jambo lile lile huku ukisema ni leo. Ya kwanza inahitaji mtu aingie chini ya meza ashike fimbo, mgongo umuume. Ya pili inahitaji mkasi tu. Na mtazamaji hujua. Labda hawezi kueleza, lakini anajua kama kuna mtu chini ya meza au hakuna.

Zile video nne nilizibadilisha vichwa. Sasa zinasema za mwaka gani. Zimepoteza watazamaji, sitadanganya. Yule msichana bado yuko.

Kama hujawahi kuziona, maoni yangu ni haya: anza na ya kwanza, nenda ya tatu, halafu rudi ya pili uone vibaraka wakimgeuka bwana wao. Ukipenda, 4 na 5 ni za kufurahia Jumamosi. Baada ya hapo uko peke yako. Ukifika The Legacy, usiseme sikukuambia.

Na wewe unayetengeneza vitu na simu iliyopasuka kama mimi, nina swali moja tu, na unaweza kunijibu hapo chini. Ukiangalia kazi yako ya mwisho, ulikuwa chini ya meza, ama ulikuwa na mkasi?

Mimi wikendi hii narekodi upya. Binamu yangu amekubali kushika taa, lakini amesema hataki kibaraka yeyote kwenye hiyo nyumba, na kwamba atakaa na miguu juu ya kochi.